Pikipiki Yangu Ilimgonga Maman Eulalie Bagira, Nami Nimeikalia Nyawera

Siku pikipiki yangu ilipomvunja mguu mama mmoja kule Bagira, mimi nilikuwa nimeikalia Nyawera, upande mwingine wa mji wa Bukavu, ninatafuna karanga.

Soma tena ukitaka. Sijakosea.

Pikipiki moja, plaki moja ya namba, rangi nyekundu ileile. Iko Nyawera chini ya makalio yangu, na saa hiyohiyo iko Bagira inamgonga mtu na kukimbia.

Najua wengi mlishaipata habari hii kwa njia nyingine. Katika kundi letu la WhatsApp la mtaa mliandika kwamba mimi ni mtoto aliyemuuza baba yake. Mmoja akaongeza, "Njo matunda ya universite hiyo," yaani ndiyo matunda ya chuo kikuu. Wengine mkaweka vikatuni vya kucheka.

Sawa. Leo nasimulia mimi.

Ukifika mwisho, niite hivyo tena kama bado mdomo wako utakubali.

Jina langu ni Nathanaël. Nilisomea usimamizi wa biashara, nikapata diploma, nikaizungusha ofisi hadi ofisi mpaka pembe zake zikakunjika. Kazi pekee niliyopata ilikuwa ya kuuliza watu maswali kwa mradi mmoja wa maji. Mradi ulipokwisha, nikanunua pikipiki. Kwetu tunaiita moto, na mwenye kuiendesha ni motari.

Baba yangu, Papa Philémon, ni motari wa zamani wa njia ya Mudaka. Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Ndiye pia aliyenishauri ninunue aina ileile anayoendesha yeye, ili tuweze kuazimana vipuri.

Tangu siku ya kwanza nilijiwekea sheria moja: Jumatatu si yangu. Ni ya pikipiki.

Chochote nilichopata Jumatatu kilikuwa chake. Humo ndimo zilimotoka bima ya mwaka na ushuru wa barabara. Humo ndimo yalimotoka mafuta ya injini, maana kwa milima hii yetu ukichelewa kuyabadilisha injini inakoroma kama muzee mwenye pumu. Mnyororo, matairi, plakete za breki, vyote Jumatatu. Watu wanadhani pikipiki unainunua mara moja. Hapana. Unainunua kidogo kidogo kila mwaka, na mwaka utakaokataa kuinunua, itajilipa yenyewe mahali ambapo hukupanga.

Parkingi nzima, pale Nyawera tunapongojea abiria, ilinicheka.

Mkubwa wa kunicheka alikuwa Mardochée, mtu wa sauti nene, ambaye hata abiria wake walishuka wakiwa bado wanacheka.

"Nathan! Leo ni Jumatatu, umeshamupatia mutoto maziwa?"

"Nimemupatia."

"Ule mutoto wako wa chuma atamaliza masomo lini?"

"Atakumaliza weye kwanza."

"Asiransi ni mambo ya batu ba mu biro," alisema kuhusu bima yangu. "Siye hapa, asiransi yetu ni Mungu."

"Mungu habadirishake plakete ya fre, Mardo."

Wakacheka. Nami nikacheka. Nilikuwa naamini kwamba nikiendelea tu bila kugombana na mtu, siku moja wangeniiga. Ndivyo nilivyo. Mama yangu husema nina moyo wa mkate, kila anayepita anamega.

Basi, mwaka 2024, msimu wa mvua, askari wawili wa roulage, polisi wa barabarani, wakaja moja kwa moja hadi kwenye pikipiki yangu. Mmoja akainama, akasoma plaki, akalinganisha na maandishi ya kwenye kiganja chake.

"Njo hii. Weye, shuka."

"Kuna nini, shefu?"

"Umegonga maman moja Bagira asubuhi hii na umekimbia."

Mardochée alipasuka kicheko. "Shefu, huyu? Huyu anapishaka hata kuku! Tuko naye hapa tangu misa ya kwanza inatoka."

"Plaki haisemake uongo."

Hapo nikaona jambo ambalo sikulielewa. Wenzangu wote waliokuwa tayari kunitetea wakanyamaza kwa pamoja. Mmoja akaanza kufuta kioo chake. Mwingine akaondoka bila abiria.

Mardochée akaniinamia sikioni. "Iyo ni pacha. Kuna mutu alizalisha moto yako."

Kama hujui pacha, nikueleze. Mtu hana bima wala plaki. Anatafuta pikipiki ya aina moja na rangi moja na yake, yenye karatasi kamili. Anabeba namba yake hadi kwa mchoraji wa vibao, anachorewa plaki ileile. Cheti cha bima anakitoa fotokopi ya rangi. Pikipiki mbili, malipo ya moja. Mara nyingi wenye pikipiki hupatana, hugawana gharama, na wana adabu zao: pacha hawafanyi kazi upande mmoja wa mji, na hawalali parkingi moja.

Yangu ilizaliwa bila mimi kujua. Nilijisikia kama mwanamume anayeambiwa sokoni kwamba ana mtoto nje.

Tukaenda hospitali.

Maman Eulalie alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, mguu wa kulia umefungwa kwa mbao. Anauza sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Bagira, na harufu yao ilikuwa bado kwenye kitenge chake. Pembeni alikaa binti yake, Charlène, macho mekundu.

"Ni huyu?" aliuliza askari.

"Alivaa kaske ku kichwa," alisema Maman Eulalie. "Sura sikuona. Nilisikia sauti tu, alikuwa anamuita Mungu. Weye, sema kitu."

"Maman, pole sana, lakini miye..."

"Njo ile! Njo ile sauti!"

Charlène alishavua sandale. Ilinipata shavuni kabla askari hajamshika.

Nilifungua mdomo nipige kelele kwamba ni uongo, kwamba nina mashahidi parkingi nzima.

Ndipo nikaona alicholalia.

Chini ya kichwa chake palikuwa na koti la kijani, limekunjwa kama mto. Zipu yake haikuwa na kishikio. Mahali pa kishikio palikuwa na kipande cha waya wa breki, kimesokotwa pete.

Waya ule niliusokota mimi, kwa koleo langu, Noeli iliyopita. Koti lile nililinunua mimi, sokoni Kadutu.

Nilimnunulia baba.

Nikafunga mdomo.

"Alinivulia hii koti, akaniwekea chini ya kichwa," alisema Maman Eulalie. "Kisha batu balianza kukuja, akakimbia. Mutu gani anakupa koti na anakuacha?"

Askari akachukua ukimya wangu kuwa jibu. Hakuwa mtu mbaya. Alinivuta kando akaniambia nina bahati kuliko wengi.

"Uko na asiransi ya kweli. Jaza declaration ya aksida, ile karatasi ya kusema ni weye uligonga, weka sinyature, kampuni italipia huyu maman. Nakungoja mpaka juma hii inaisha. Ukikataa, dosie inapanda juu."

Daktari naye alisema lake: mguu ufanyiwe operesheni juma hilohilo, la sivyo mfupa utajiunga vibaya na mama atachechemea maisha yake yote. Hospitali ilikuwa inangoja amana. Charlène alikuwa hana.

Nikapanda hadi Mudaka, nyumbani kwa wazazi wangu.

Baba alikuwa ameketi mlangoni, anachambua maharage ambayo yalishachambuliwa.

"Umekula?" aliniuliza.

"Papa, koti yako iko wapi?"

Akachambua mengine. Kisha akasema, "Nilimuachia maman moja."

Pikipiki yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imefunikwa shitingi ya plastiki. Nilipoifunua, nilisoma namba yangu mwenyewe. Mchoraji alikuwa hodari. Hata tone la rangi lililovuja kwenye herufi ya mwisho alilinakili.

Nikabinya breki. Mkono wa breki ukaja mpaka kwenye usukani bila kushika kitu. Plakete zilikuwa zimeliwa zikabaki chuma kitupu.

"Tangu lini, Papa?"

"Tangu mavuno ya muhogo. Nilikuwa nasema nitabadirisha kisha ya sikukuu."

"Na juu ya nini ulikimbia?"

"Batu balianza kuokota mawe, Nathan. Weye unajua vile inaishaka."

Ninajua. Kila motari anajua.

"Na hii plaki?"

Hapo akainua uso. "Ni ya mutoto wangu. Ni kosa baba kuvaa shati ya mutoto wake? Kila mwaka weye unalipa yote, hata ile batu habalipake. Nikasema, acha moto mbili zikulie sahani moja."

Alisema hivyo kama mtu aliyeazima jembe. Sikuweza hata kumkasirikia vizuri.

Mama, Maman Agnès, alitoka jikoni. Alikuwa amesikia yote, na alikuwa ameshaamua.

"Weka sinyature."

"Maman, si moto yangu njo iligonga."

"Si ulilipia? Miaka yote unatuimbia hapa asiransi, asiransi. Leo imepata kazi, unaifungia mulango?"

"Ni uongo, Maman."

"Ule maman anapona. Baba yako analala kwake. Nani anaumia hapo? Kampuni? Kampuni iko na muguu?"

Nakwambieni ukweli: nilisoma miaka mitano, na mama yangu, ameshika mwiko wa bugali, alinishinda kwa swali moja.

Asubuhi parkingi walinipokea vizuri mno. Mardochée aliniletea chai na mandazi. Hajawahi kumnunulia mtu hata maji.

"Sinya ile karatasi, ndugu yangu. Ukisema neno pacha pale roulage, kesho bataanza kusoma namba za shasi. Moto kwa moto."

"Na weye unaogopa nini, Mardo?"

Akageuza macho kwenye pikipiki yake. Nikatazama mstari mzima wa pikipiki. Nyekundu, nyekundu, bluu, nyekundu. Hakuna aliyenitazama usoni.

"Mu likelemba yenu," nikamwuliza kuhusu upatu wao wa kuchangiana pesa, "mutu akiweka mukono moja na akulie majina mbili, munamufanya je?"

"Tunamufukuza. Na tunamupiga kidogo."

"Asiransi ni likelemba tu. Batu banaweka pamoja ili mwenye kuanguka ainuliwe."

"Ile ni feza ya batajiri!"

"Ni feza ya Jumatatu zangu."

"Basi utafunga baba yako," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Utalala usingizi?"

Sikulala. Lakini kabla jua halijatoka nilikuwa nimeamua: sitatia sahihi. Nilijiona msafi. Nilijiona mrefu kidogo. Nikaenda hospitali kumweleza Maman Eulalie ukweli wote, na moyoni nilitegemea, naona aibu kuandika hivi, kwamba angenishika mkono na kunibariki.

Nikamweleza yote. Pacha, plaki, breki. Nikamwambia ni baba yangu, na kwamba tutamlipa kidogo kidogo mpaka tumalize.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, polepole:

"Kwa hiyo weye uko safi."

"Maman, nilitaka tu..."

"Ngoja. Weye uko safi. Baba yako iko kwake. Kampuni iko na feza yake. Sasa niambie, kijana, ni muguu ya nani njo inalipa huo usafi wako?"

Charlène safari hii hakuvua sandale. Angevua, ingekuwa afadhali.

Nilitoka nikaketi uani karibu na pikipiki yangu. Mvua ilikuwa imenyesha, na mnyororo ulikuwa unang'aa kwa mafuta niliyoupaka Jumatatu ya juma lile. Nikautazama muda mrefu. Ukweli wangu ulikuwa mzuri, ulikuwa wa haki, lakini bili yake nilikuwa nimeiweka kitandani kwa mtu mwingine na kuondoka.

Kila mtu alitaka pikipiki yangu ilipe. Mama, askari, parkingi.

Basi ilipe. Lakini kwa jina lake.

Nikarudi Nyawera, nikasimama katikati ya parkingi.

"Nauza moto."

Waliona ni mzaha. Kisha wakaona uso wangu.

Mnajua bei ya pikipiki iliyopigwa taksi kwa miaka miwili Bukavu. Mnunuzi anakuja na fundi wake, anaiwasha, anasikiliza, anakata nusu ya bei. Anaitingisha, anakata tena. Ukimaliza kusikia makosa yake unatamani kumlipa wewe aichukue.

Aliyesogea alikuwa Mardochée.

Zamu yake ya likelemba ilikuwa imemwangukia juma lile, na akiba yake alikuwa nayo. Wenzake wakamwambia aiwashe kwanza.

"Niwashe ya nini?" aliwakemea. "Miaka mbili niko namucheka huyu kila Jumatatu. Kila buloni, kila tairi yenye alibadirisha, miye niko naona. Kuna moto yoyote hapa najua namna hii?"

Akataja bei. Ilikuwa karibu na ya dukani.

Hakuna aliyecheka.

Alipomaliza kunipa pesa, alijikuna shingo, akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Na ile asiransi, inabakia miezi ngapi?"

Nilimwelekeza kwa Madame Tatiana, wa ofisi ya bima, akaandikishe pikipiki kwa jina lake. Alikwenda siku hiyohiyo. Baadaye nilisikia kwamba pikipiki yake ya zamani aliiondolea plaki mwenyewe, akaifungia nyumbani. Hakunieleza kwa nini. Sikumwuliza.

Nami nikapeleka pesa hospitali kwa miguu. Amana ikalipwa, na operesheni pia. Alhamisi walimwingiza chumba cha operesheni. Alitoka na vyuma mguuni na mfupa umenyooka.

Hapo wengi mngeishia. Mguu umelipwa, tunyamaze. Mama naye alisema hivyo. "Sasa imekwisha. Acha."

Lakini ile dosie, faili la polisi, ilikuwa bado ina jina langu kama mtu aliyegonga na kukimbia. Na ile pikipiki isiyo na breki ilikuwa bado nyuma ya nyumba.

Nilimwambia baba, "Papa, muguu tumelipa. Uongo bado. Kesho niko nashuka roulage kusema vile ilikuwa. Sitangoja bakufuate huku. Ukipenda, tukutane kule."

"Utawaambia jina langu?"

"Nitawaambia."

"Miye baba yako."

"Njo maana nimekuambia weye wa kwanza."

Mama akanigeuzia mgongo. Hakunigeukia tena kwa muda mrefu.

Kesho yake nilisimama mbele ya ofisi ya roulage tangu asubuhi. Askari yule aliniuliza kama nimeleta declaration. Nikamwambia naleta kitu kingine, anipe muda kidogo. Jua likapanda. Nilianza kujiambia kwamba hatakuja, na kwamba itabidi niseme jina la baba yangu peke yangu, kwa mdomo wangu.

Kisha nikamwona kwenye kilima.

Alikuwa anasukuma pikipiki. Hakuipanda. Aliisukuma tangu Mudaka, kwenye tope, mtu wa umri wake, kwa sababu haikuwa na breki na hakutaka kumgonga mtu mwingine. Nguo zilikuwa zimemganda mwilini. Plaki alikuwa ameing'oa, ameibeba kwapani ndani ya mfuko wa simenti.

Akaiweka mezani kwa askari.

"Ni miye," alisema. "Huyu iko nafanana na miye sauti tu."

Wakamweka mahabusu. Siku kadhaa, na faini, na pikipiki ikabaki uani kwao.

Ndiyo huko kumuuza baba mnakosema.

Kila siku nilimpelekea chakula. Siku ya kwanza alifunua sahani, akauliza:

"Nani alipika?"

"Maman."

"Anakuongelesha?"

"Hapana. Lakini angalia, aliweka nyama mbili."

Alizitazama zile nyama mbili. Akachukua moja, nyingine akanisukumia kupitia nondo. Tukala.

"Nathan," alisema akilamba vidole, "mwaka moja, moto inakula ngapi? Kwa kweli, yote pamoja."

Hajawahi kuniuliza hivyo. Nikamhesabia: bima, ushuru, mafuta ya injini, matairi, mnyororo, plakete. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kila kimoja kama mtu anayesomewa majina ya wafu. Nilipomaliza akafikiri, akasema:

"Ni chini ya bei ya muguu."

Tukacheka. Askari wa zamu alituchungulia, akadhani tumerukwa na akili.

Alipotoka mahabusu, Maman Eulalie alikubali kupatana naye. Baba alipeleka mbuzi na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, kama inavyofanywa kwetu, na akaomba msamaha mbele ya ukoo wake wote. Koti lake hakurudishiwa. "Hii ni yangu," alisema Maman Eulalie. "Niliilipia." Hakuna aliyebisha.

Mimi sasa natembea kwa miguu. Jumapili Mardochée ananiazima pikipiki yangu ya zamani, na ananitoza. Ananikagua kwanza. "Uliangalia oili?" ananiuliza mimi! Pale parkingi kuna watatu sasa ambao Jumatatu yao si yao. Watatu si wengi. Nilianza na mmoja.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Kisha juzi nikapita sokoni Bagira.

Maman Eulalie alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ya sambaza. Amesimama, nasema, fimbo imeegemezwa pembeni kama mwavuli. Alinifungia samaki wa kutosha familia, akakataa pesa yangu, kisha akaniita karibu.

"Kijana, kuna kitu niko nacho ku roho."

"Sema, Maman."

"Ile siku ya kwanza nilijua si weye."

Nikamtazama.

"Ile sauti ya mu barabara ilikuwa ya muzee. Yako inafanana, lakini ni ya kijana. Nilijua mara moja uliposema pole."

"Sasa juu ya nini ulisema ni miye?"

Akacheka kidogo, akapanga sambaza ambao walishapangika.

"Kabla ufike, askari alituambia hii plaki iko na asiransi ya kweli. Nikaona, ule mwenye aliniumiza pengine hana kitu. Lakini huyu iko na mwenye kulipa. Nikafunga macho, nikasema njo yeye." Akanitazama. "Na weye ukakuja kuniambia ukweli, miye mwenye nilikuzulia uongo. Unafikiri ni muguu tu njo ilikuwa inaniuma ile siku?"

Nilisimama pale na samaki mkononi.

Mama yangu, baba yangu, parkingi, hata yule aliyevunjika: kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya uongo uleule mmoja. Sababu nzuri kweli, sizidharau. Na bado nasema hapana. Leo tena nasema hapana, na kesho mkinileta mbele ya karatasi ile nitasema hapana.

Lakini yule mama alinifundisha nusu iliyokuwa inanipungukia, nami nawaachia ninyi mnaopenda haki kama mimi. Ukisema ukweli na haukukugharimu wewe kitu, usijisifu haraka. Geuka uangalie nyuma yako. Kuna mtu kitandani anaulipia.

Mlipie kwanza. Kisha simama, useme kwa sauti.